Hakuna Aliyemwambia Avue Shati

Saa moja asubuhi, Geita. Kengele ya zamu ya mgodini imekwisha kulia, wanaume wameteremka mashimoni, na barabara ya maduka imebaki na kuku na akina mama wa sokoni. Nyuma ya duka la nguo, chini ya upenu wa kibanda chake, Marselino Maganga amekaa juu ya kreti la sabuni na kufumba macho.

Halali huyo. Yuko kazini.

Mbele yake ametandika bati kuukuu alilolipondaponda kwa nyundo mpaka likawa bapa. Juu ya bati hilo anamtaka Bibi Apolonia, mteja wake wa kwanza leo, atembee kwenda na kurudi. "Usitembee kwa adabu, bibi," anamwambia. "Tembea kama unakwenda kisimani na umechelewa."

Bibi Apolonia anatembea. Mguu wa kushoto unapita kimya. Wa kulia unapiga bati: pwa.

"Bado," anasema Marselino, na macho hajayafumbua.

Anamvua kiatu. Ni kiatu cha soli ya tairi na ngozi ya ng'ombe, na kutoka mbele, penye vidole, unapanda ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli mpaka kwenye mkanda mpana wa ngozi unaofungwa chini ya goti. Mtu akiinua mguu, mpira huo unauvuta wayo juu usining'inie. Marselino anaufupisha mpira kwa tundu moja. Kisha, kabla ya kukirudisha kiatu, anaingiza mkono mzima ndani yake na kupapasa kila kona.

Bibi Apolonia aliugua ukoma. Umetibiwa, lakini umemwachia nyayo zisizosikia kitu, na msumari mmoja ungemla mguu wiki nzima asijue. Ndiyo maana kiatu chake hakina msumari hata mmoja. Kimeshonwa chote kwa uzi uliopakwa nta.

Mara ya tatu bati linanyamaza. Marselino anafumbua macho, anamwambia sasa nenda nacho. Bibi anajibu wabeja, asante ya Kisukuma, kisha anaondoka akiangalia mbele. Kwa miaka sita alikuwa anatembea akiangalia chini.

Tangu Machi mwaka huu wa 1956, fundi huyu wa miaka thelathini na minane ameshona viatu vya namna hiyo arobaini na kimoja. Wateja wake ni watu ambao wayo umelegea: ukitaka kuunyanyua hauji, vidole vinachungulia chini, na kila hatua mtu hujikwaa, au huutupa mguu mbele na kuubamiza. Wengine ulilegezwa na ukoma. Wengine waliangukiwa na mawe shimoni. Na mmoja wao ni fundi mwenyewe. Pandisha mguu wa kulia wa suruali yake, utaukuta mkanda ule ule wa ngozi.

Jinsi mguu huo ulivyolegea, na jinsi watu wazima wenye akili zao walivyouhangaikia karibu miaka mitatu mahali pasipo pake, ni habari iliyomfanya mwandishi huyu aweke kalamu chini mara mbili. Mara ya kwanza kwa mshangao. Mara ya pili, tuseme kweli, kwa hasira.

Marselino alizaliwa upande wa Shinyanga, kwenye nchi ya pamba na ng'ombe. Ujanani alilima katika kundi la bugobogobo, wale wanaolima kwa ngoma. Vijana ishirini husimama mstari mmoja, majembe yakapanda na kushuka kwa pigo moja, na mpiga ngoma huwafuata nyuma. Sheria yao ilikuwa moja tu: hakuna kunyoosha mgongo mpaka ngoma inyamaze. Anayenyooka kabla ya hapo analipa kuku, na jina lake linatiwa kwenye wimbo.

"Kuku tulikuwa nao," anasema Marselino. "Wimbo ndio tuliouogopa."

Anamkumbuka mwenzao mmoja aliyeshika kiuno siku moja tu, kwa bahati mbaya, akaimbwa msimu mzima. Watoto wadogo walimwimba kisimani. Mwishowe alihamia kwa wajomba zake. Marselino hakulipa kuku hata mara moja, na mpaka leo analisema hilo kwa fahari. Lishike jambo hili, msomaji, maana ndilo lililotaka kumuua.

Alikuja Geita mwaka wa 1946 kutafuta kazi ya mgodi, akapangiwa kusukuma matoroli ya mawe chini ya ardhi. Akamwoa Generosa, binti wa Chato, wakafunga ndoa misheni, wakapata mtoto wa kike wakamwita Limi. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Mwaka wa 1951 kiuno kikaanza kumuuma. Hayakuwa maumivu ya uchovu, maana uchovu hupungua ukilala, na haya yalizidi. Akawa anatoka jasho bila joto, na suruali zikaanza kumvuka. Lakini kwenye matoroli walijaa vijana wa majembe kama yeye, na kati yao hakuna anayesema mgongo. Alijifunga kitambaa kiunoni ndani ya shati, akasukuma. Generosa alipomuuliza ana nini, alimjibu amechoka.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mguu wa kulia ukaanza kujikwaa kwenye reli za toroli. Kisha ukaanza kulia. Pwa, pwa, pwa. Generosa akiwa jikoni aliweza kumsikia mumewe tangu kwenye kona ya mabomba, akaanza kupakua ugali kabla hajafika.

Wenzake wakacheka kwamba pombe imemshukia mguuni. Kicheko kilipokwisha, ukaja wasiwasi, na hapo ndipo mguu ule ulipopata wageni. Mganga wa jadi alisema amekanyaga kitu kilichotegwa mlangoni, akamchanja chale kumi na nane kuanzia kifundoni hadi vidoleni. Bibi mmoja akaufunga kwa majani ya moto. Jirani akaukanda kwa samli asubuhi na jioni. Mtu wa dawa kambini akampa mafuta makali ya kuchua. Mwingine alikuja na kamba ya kitambaa cheusi, akaikaza chini ya goti ili ugonjwa usipande.

Watu watano! Watano waliushika mguu ule, wakaugeuza, wakauchanja, wakaukanda, na hakuna hata mmoja aliyemwambia avue shati. Na yeye, kila alipoulizwa wapi panauma, alijibu: mguu.

Julai 1952 alikwenda na mkewe na mtoto kuwasalimu wakwe Chato. Ilikuwa mchana, wamekaa uani. Shemeji yake Onesmo, kaka mkubwa wa Generosa, alikuwa akichoma samaki na Marselino akiwasimulia habari za mgodi. Kaa la moto likaruka kutoka kwenye jiko, likatua juu ya wayo wake wa kulia.

Aliendelea kusimulia.

"Nikasikia harufu," anasema Marselino, na hapo anautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nikamwambia shemeji, samaki wako anaungua. Hakunijibu. Nikaona watu wote wananitazama chini, nami nikatazama. Moshi ulikuwa unatoka kwangu."

Loo! Kuna watu wamesikia mengi katika kazi hii ya uandishi, lakini hilo la kunusa nyama yako mwenyewe ukadhani ni kitoweo halina mfano.

Watu wa ziwani wanajua kinachosemwa moto usipouma. Neno lenyewe, ukoma, halikutajwa. Lakini jioni chakula cha Marselino kililetwa kwenye sahani ya peke yake, na asubuhi yake Onesmo alimwita pembeni. Alimsemesha kwa heshima zote za shemeji, na Marselino anasema heshima hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko kaa. Generosa na mtoto wangebaki nyumbani kwao.

"Siku utakapotembea mpaka mlangoni kwetu mguu usilie, shemeji, utawachukua," Onesmo alimwambia.

Limi alikuwa na miaka miwili. Generosa alikuwa nyuma ya jiko akilia. Marselino alimsikia, hakuruhusiwa kumwona. Aliondoka peke yake, na mguu wake ukamtangaza njia nzima.

Hakwenda hospitali. Kwa nini aende, naye mwenyewe alikuwa ameshaamini? Alikunja mkeka wake, akasafiri siku nne mpaka kwenye kijiji kimoja cha wagonjwa wa ukoma, akajipeleka mwenyewe. Karani wa getini akautazama mguu unaoning'inia, akatazama kidonda cha moto, akaandika jina. Daktari alifika huko kwa nadra, na kila alipofika wagonjwa mia mbili walikuwa wamepanga mstari. Marselino akapewa vidonge kama wenzake.

"Karani simlaumu," anasema. "Nami ningekuwa yeye ningejiandika."

Watu wa kijiji kile walimpokea vizuri. Bibi Apolonia, yule wa asubuhi, alimgawia chungu na matuta mawili ya viazi siku ya kwanza. Ufundi wa viatu pia aliupata huko, kwa mzee mmoja ambaye ukoma ulikuwa umemaliza vidole vyake vyote. Mzee yule hakuweza kushika sindano, hivyo alimfundisha kwa mdomo: ingiza hapa, vuta, hapana, umelegeza, fumua urudie. Marselino anasema hajapata kuona mwalimu mkali kama yule.

Miaka miwili na miezi minne alikaa huko. Mguu wa kushoto nao ukaanza kujikwaa. Mgongo ukaanza kuota kitu. Alikificha kwa koti zito la kijeshi, akalivaa jua likiwaka, na watu wakasema huyu naye na majivuno yake ya koti.

Novemba 1954 kijiji kikaletewa dresa mpya, yaani msaidizi wa daktari. Jina lake Ngassa, Msukuma mwenzake, kijana mwenye mikono myepesi na maswali mengi. Badala ya kugawa vidonge tu, aliamua kumpima kila mtu upya. Alipita mwilini kwa unyoya wa kuku kutafuta penye ganzi. Alipapasa nyuma ya kiwiko na ubavuni mwa goti, kwenye mishipa ya fahamu, ambayo kwa mwenye ukoma huvimba ikawa minene.

Alipofika kwa Marselino akakwama. Ngozi haina baka hata moja. Mishipa laini. Vidole vya mikono vinasikia unyoya. Ganzi iko ubavuni mwa mguu wa kulia na juu ya wayo, basi. Akamuuliza wapi panauma. Mguu. Akauliza tena. Mguu.

Ngassa akamuuliza kwao ni wapi, na ujanani alilima na kundi gani. Marselino akamtajia. Dresa akachukua beseni la kunawia, akalifudikiza mezani, akaanza kulipiga kwa vidole. Lilikuwa pigo la majembe, lile lile.

"Lima," alimwambia.

Marselino aliinama huku akicheka. Mikono ikashika mpini usiokuwepo, ikapanda, ikashuka. Miaka kumi ilikuwa imepita, lakini mwili haukuwa umesahau. Watu waliokuwa mstarini wakaanza kupiga makofi. Ngassa akapiga kwa muda, halafu, kwa ghafla, akalinyamazisha beseni.

Aliyewahi kulima kwa ngoma anajua: ngoma ikinyamaza, watu wote wananyooka pamoja. Ndiyo raha yenyewe ya kazi ile. Marselino hakunyooka. Alishika magoti, kisha mapaja, akajipanda kwa mikono yake mwenyewe kidogo kidogo, na alipofika juu uso wote ulikuwa maji. Makofi yalikuwa yamekwisha.

Ngassa akamwambia kwa sauti ndogo avue koti. Avue na shati.

Katikati ya kiuno, mfupa mmoja ulikuwa umejitokeza nje, ukubwa wa ndimu. Dresa aliuona, akaketi. Akamuuliza ulianza lini. Tangu mgodini, Marselino akajibu. Na mbona hukusema, watu wote hao walipokuuliza?

"Ngoma ilikuwa haijanyamaza," Marselino alimjibu.

Mwandishi alimtafuta dresa Ngassa ili asikie na upande wake, naye akathibitisha kila neno, pamoja na hilo la ngoma. Anasema alimwambia Marselino pale pale, mbele ya watu: wewe huna ukoma, na hujapata kuwa nao. Marselino alidhani anatukanwa. Halafu furaha ikampanda, na kabla haijafika mdomoni akamwona Bibi Apolonia amekaa mstarini akingoja zamu yake, mikono mapajani. Akaona haya mpaka akatamani kuwa nao.

Bibi ndiye aliyemwokoa. "Chukua mkeka wako uende, mwanangu," alimwambia. "Sisi hatukukuomba uugue."

Kabla ya kuondoka, Ngassa alimfafanulia kwa kitu alichokijua. Kule mgodini kuna kamba ya kengele inayoshuka shimoni. Mtu wa chini akiivuta, kengele inalia juu. Sasa jiwe likiibana kamba katikati, mkono wa chini ni mzima, kengele ya juu ni nzima, na hakuna kinacholia. Ukipanda ukaisugua kengele kwa samli mwaka mzima, hailii. Mguu unaamriwa na mshipa utokao kiunoni. Wao walikuwa wanasugua kengele.

Lori la pamba likamrudisha Geita, kwenye hospitali yenye mashine ya kupiga picha za mifupa. Daktari, mgeni mwenye Kiswahili cha polepole, aliinua picha dirishani akamwonyesha pingili mbili za kiuno zilizoliwa. Kifua kikuu, akasema. Marselino akamwambia kifua chake ni kizima, hakohoi. Daktari akamweleza kwamba ugonjwa huo, pamoja na jina lake, hukaa hata mifupani, na ukila pingili usaha na mifupa iliyoanguka huibana mishipa ya miguu. Mwezi mmoja zaidi, au miwili, na miguu yote miwili ingekufa, na haja ndogo isingezuilika.

Miezi miwili! Mtu aliyekuwa anakula vidonge vya ugonjwa wa watu wengine kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amebakiwa na miezi miwili.

Walimlaza chali ndani ya plasta ngumu iliyomkamata kuanzia makwapani hadi mapajani. Siku tisini na nane hakugeuka ila kwa kugeuzwa. Kila siku sindano, kila siku vidonge vichungu. Muuguzi alimkunja na kumnyoosha vifundo vya miguu asubuhi na jioni visikauke, na usiku wayo uliegemezwa kwenye ubao usiangukie chini. Mwezi wa tatu, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikainuka chenyewe. Marselino anasema alikitazama kutwa nzima.

Wa kulia haukuinuka. Si siku hiyo, si mwezi uliofuata. Daktari hakumficha. Mshipa wa upande huo ulibanwa mno, kwa muda mrefu mno. Zilibaki njia mbili. Moja ni kiatu chenye kitu cha kuuvuta wayo juu, maisha yote. Ya pili ni kupasuliwa: kuna mabingwa nchi za mbali wanaochukua kano yenye nguvu ya ndani ya mguu wakaihamishia mbele ifanye kazi ya ile iliyokufa. Lakini hilo lingengoja mgongo utulie kabisa, na bingwa apatikane. Kisha akasema neno ambalo Marselino analirudia bila kubadili sauti.

"Aliniambia, ungekuja mwanzo, tungetibu mgongo na mguu ungerudi wenyewe."

Siku tatu, anasema, alikuwa anahesabu. Alihesabu kila aliyemuuliza wapi panauma, na kila mara alipojibu mguu.

Hospitali ilimpa kiatu cha chuma. Kilimsimamisha, lakini kilikuwa kizito, na kila hatua kilisema kwi, kwi. Marselino alicheka kwa uchungu: mguu umeacha kubamiza, sasa unalia kama toroli. Na shemeji alisema mguu usilie. Basi akaanza kushona chake mwenyewe. Cha kwanza kilikatika. Cha pili kilimchubua. Wakati wa cha tatu Ngassa, aliyepita kumjulia hali, alimwonya asikaze mkanda chini ya goti, maana ubavuni hapo unapita mshipa ule ule, juu juu kabisa, na ukiubana unaulegeza wayo upya. Marselino akaikumbuka ile kamba nyeusi ya kuzuia ugonjwa usipande, akatia pamba ndani ya mkanda. Cha nane, Machi mwaka huu, kilipita juu ya bati kimya.

Watu wakasikia. Wakaanza kuja, wengine kutoka mbali kama Nyasubi, na wengine kutoka kule kule kijijini kwa Bibi Apolonia. Na kwa fundi huyu kuna desturi isiyo na msamaha. Kabla hajaugusa mguu, mwanamume anaambiwa avue shati. Marselino hupitisha kidole gumba juu ya kila pingili, moja baada ya moja, mpaka chini. Wanawake huwatuma kwanza kwa Paskazia, mkunga wa jirani, ambaye yeye mwenyewe amemfundisha kufanya vivyo hivyo. Vijana hulalamika: tumekuja kwa kiatu, mzee, unatupima mgongo? Huwajibu kwamba kiatu hakikimbii.

Mmoja wao ni Selestine, msukuma matoroli wa miaka ishirini na mbili. Alikuja Aprili, mguu umeanza kujikwaa wiki tatu tu. Kidole cha Marselino kilipofika kiunoni, kijana alishtuka, kisha akajifanya kukohoa. Marselino akakifahamu kikohozi kile. Akafunga kibanda, akamsindikiza mwenyewe mpaka hospitali. Selestine yuko kwenye plasta hadi leo, na wayo wake umeanza kuinuka. Kiatu chake kimebaki kipande cha tairi kilichochorwa chaki, kimetundikwa ukutani. Fundi hakikamilishi, na hataki mtu akichukue.

Lakini hivi vyote alivishona macho yakiwa Chato. Miaka minne sasa. Limi ana miaka sita, na babaye hajamwona. Mgongo ndio uliomzuia, maana mpaka juzi alikuwa ndani ya fulana ya plasta na safari ya lori alikatazwa. Jumatatu iliyopita daktari ameivunja plasta hiyo kwa mkasi mkubwa na kumwambia anaweza kusafiri. Jumamosi hii kuna lori. Atashuka njia panda, atatembea hatua zilizobaki kwa miguu, apite mbele ya Onesmo na kaka zake wote, na mguu usiseme neno.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyaeleza jana Mwanaima alipofika. Huyu ni mama wa Kiislamu anayeleta samaki wakavu kutoka Chato, na ndiye aliyepeleka habari kwamba mume anakuja. Alitua kikapu, akaamkiwa shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba maji kwanza. Kisha akasema ana maneno ya Generosa, na ameambiwa ayafikishe kama yalivyo.

"Amesema, ukishawapita kaka zake, ukafika kwenye ua wa minyaa nyuma ya jiko, vua hicho kiatu," alisema Mwanaima. "Kaka zake wanataka mguu usiolia, haya, waonyeshe. Lakini yeye miaka minne anautegea sikio mguu huo. Ukija kimya atajuaje ni wewe? Na mtoto amemfundisha. Limi akiulizwa babako anatembeaje, anautupa mguu wake chini hivi, pwa, halafu anacheka."

Marselino aligeukia ukuta wa kibanda akapanga nyuzi zilizokuwa zimepangwa tayari. Miezi minane amehangaika kuunyamazisha mguu ule. Mwanaima, mtu mzima mwenye adabu zake, akajitia kuhesabu samaki.

Leo asubuhi, Bibi Apolonia alipokwisha kwenda, mwandishi alimuuliza ameamua nini. Fundi akapandisha suruali. Mkanda wa chini ya goti, ambao kwa miezi mitatu ulifungwa kwa kamba ya kusuka, umebadilishwa. Sasa una bizimu la chuma, kama la mkanda wa suruali, jipya, limeshonwa jana hiyo hiyo. Akauvuta, ukafunguka. Akakivua kiatu, akasimama juu ya bati lake bila hicho, akapiga hatua moja. Pwa. Akasikiliza mpaka mlio ukaisha.

"Kamba ilitaka mikono miwili," alisema. "Huu naufungua kwa mkono mmoja. Wa pili nitakuwa nimembeba Limi."